Fremu isiyo na bomba la siti: wapi utashindana nayo na wapi utarudishwa

Swali: Nimeuziwa baiskeli ya Softride ya miaka ya 1990 hapa Minnesota, Marekani. Haina bomba la siti wala zile fito mbili za nyuma zinazopanda hadi chini ya siti. Siti imekaa kwenye ncha ya boriti ndefu iliyofungwa kwa mbele tu. Wenzangu wa klabu wananiambia imepigwa marufuku. Nataka kufanya triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) fupi za wikendi, mbio za klabu za mmoja mmoja dhidi ya saa, na Mungu akijalia Ironman 70.3, yaani triathloni ndefu ya nusu Ironman, pengine ile ya Rwanda. Nitaruhusiwa? Na nikague nini kabla ya kuiongezea pesa?

Jibu: Ndugu, wenzako wameshika nusu ya habari. Marufuku ipo kweli, ila imeandikwa kwenye kitabu kimoja cha kanuni, cha UCI, yaani shirikisho la dunia la mbio za baiskeli, na kitabu hicho hakitawali kila mbio. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mbio hizi zinaendeshwa kwa kanuni za nani? Ukishajua hilo, habari ya fremu inajijibu yenyewe.

Kwa ulizozitaja, jibu ni hivi. Triathloni ya kawaida ambayo hairuhusiwi kujikinga upepo nyuma ya mwenzako: umbo la fremu yako halina shida. Mbio za saa za klabu: karibu kila mara utaruhusiwa. Ironman 70.3: fremu za namna hii zimefika hadi mbio za ubingwa. Mlango unafungwa kwenye mbio zilizo kwenye kalenda ya UCI, na kwenye triathloni za kuendesha kwa kundi.

Inafaa ujue UCI ilifikaje hapo, maana ukielewa sababu utaweza kukisia refa atasema nini hata kabla hujamuuliza. Julai 1933 Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya saa moja kwa kwenda kilomita 45.055 akiwa amelala chali kwenye baiskeli ya Charles Mochet. Mwaka uliofuata UCI ikaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano, na baiskeli za kulala zikatolewa nje mpaka leo. Miaka ya 1990 mjadala ukarudi kwa nguvu. Mwingereza Chris Boardman alichukua dhahabu ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 akiwa juu ya Lotus 108, fremu ya kaboni ya kipande kimoja isiyofanana na kitu chochote cha dukani. Julai 1993 Mskoti Graeme Obree akaenda kilomita 51.596 kwa saa moja pale Hamar, Norway, juu ya baiskeli aliyoiunda mwenyewe, mikono ameikunja chini ya kifua. Mwaka 1994 UCI ikapiga marufuku mkao huo. Kisha tarehe 8 Oktoba 1996 ikatoa Azimio la Lugano: mshindi apatikane kwa nguvu za mpandaji, mashine isije ikamtangulia. Kanuni za fremu zilizotokana na azimio hilo zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, na siku hiyo Softride, pamoja na Zipp 2001 na Trek Y-Foil ambazo nazo hazina bomba la siti, zilipoteza nafasi kwenye mbio za barabarani. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyofungiwa kwa kuwa hatari. Zilifungiwa kwa umbo.

Na umbo lenyewe UCI imelieleza kwa kina. Fremu ijengwe kuzunguka pembetatu kuu. Bomba la juu litoke kichwa cha usukani hadi juu ya bomba la siti. Bomba la siti lishuke hadi kwenye ekseli ya pedali, yaani ile ya katikati ya fremu inayobeba mikono ya pedali. Bomba la chini litoke kwenye ekseli hiyo hadi sehemu ya chini ya kichwa cha usukani. Nyuma kuwe na pembetatu nyingine ya fito za juu na za chini. Kila bomba liwe limenyooka kiasi kwamba ukipitisha mstari ulionyooka ndani yake hautoki nje, na kimo cha bomba kisizidi sentimita 8. Magurudumu mawili yawe na kipenyo sawa, kati ya sentimita 55 na 70 pamoja na tairi. Baiskeli nzima isizidi urefu wa sentimita 185 na upana wa 50, wala isipungue kilo 6.8. Ekseli ya pedali iwe kati ya sentimita 24 na 30 kutoka ardhini.

Pima Softride kwa maelezo hayo: haina bomba la siti, haina fito za juu za nyuma, na boriti yake haiungani na ekseli ya pedali popote. Inaanguka mtihani kwenye mstari wa kwanza, na hakuna fundi atakayekurekebishia hilo. Usimsikilize anayekwambia kikwazo ni kile kibandiko cha UCI cha kuonyesha fremu imeidhinishwa. Kibandiko kilianza mwaka 2011 kwa fremu mpya. Fremu ya chuma ya mwaka 1995 yenye pembetatu ya kawaida haina kibandiko na bado inafuata kanuni. Yako haifuati, na isingefuata hata ingebandikwa.

Sasa triathloni. Mchezo huu haukuwahi kuwa na woga huo, na baadhi ya mambo tunayoyaona ya kawaida leo yalitokea humo kwanza. Zile aerobaa, yaani vishikio vya mbele vya kulalia viwiko, Mmarekani Greg LeMond alizofunga siku ya mwisho ya Tour de France ya 1989, akashinda kwa sekunde 8, zilitoka kwa watu wa triathloni. Kwa kuwa kwenye triathloni nyingi kila mtu anaendesha peke yake, hoja ya usalama wa kundi haina nguvu, na wasimamizi hawakuona sababu ya kulinda pembetatu. Ndiyo maana hata baada ya 2000 kumekuwa na kampuni zilizounda fremu ambazo UCI haiwezi kuzikubali: Dimond ina boriti kama yako, Ventum haina bomba la chini, na Cervélo P5X iliyozinduliwa mwaka 2016 haina bomba la siti wala fito za juu. Wanaozinunua ni watu wa triathloni, wengi wao wa ridhaa kama wewe.

Ila kuna triathloni za aina mbili, na hapa ndipo watu hujichanganya. Ile ya Olimpiki inaruhusu kuendesha kwa kundi, na baiskeli zake ni za barabarani, kwa masharti yanayofuata ya UCI: pembetatu, usukani uliopinda chini. Tangu 2023 hata aerobaa fupi zimeondolewa kwa wanamichezo wa daraja la juu. Mbio za namna hii zipo pia kwa watu wa ridhaa wa rika mbalimbali, hasa za umbali mfupi uitwao sprinti. Soma tangazo la mbio. Likisema kufuatana, yaani kujikinga upepo nyuma ya mwenzako, kunaruhusiwa, tafuta baiskeli nyingine ya siku hiyo.

Kwenye mbio za kawaida za Marekani mambo ni mepesi kuliko unavyodhani. Kanuni za USA Cycling, shirikisho la baiskeli la Marekani, kwa mbio za mtaani hazikudai pembetatu: baiskeli isizidi urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 75, iendeshwe kwa miguu tu, isiwe na ganda wala ngao ya kukata upepo. Kwenye mbio za kundi aerobaa zinatolewa kabisa, hata kama hutazigusa. Mashindano ya taifa na majaribio ya rekodi ni habari nyingine, kwa kuwa huko masharti ya UCI huingizwa kwa baadhi ya makundi. Walioko Uingereza nao wajue kwamba mbio za saa zilizo chini ya Cycling Time Trials zina kanuni zake, na hazikulazimishi pembetatu ya UCI.

Ukija nyumbani Afrika Mashariki kushindana, kumbuka shirikisho la baiskeli la Kenya, kama la Tanzania au Rwanda, ni mwanachama wa UCI. Ubingwa wa taifa wa barabarani unafuata kitabu cha UCI. Ironman 70.3, iliyofika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ina kitabu chake. Kwa hiyo inawezekana kabisa baiskeli moja ikubaliwe kando ya Ziwa Kivu na ikataliwe Kigali kwenye mbio za barabarani, na maamuzi yote mawili yakawa sahihi.

Kwa triathloni, vipimo vitakavyokuhusu zaidi ni vya mkao. Kwa miaka mingi kanuni za USA Triathlon zimetaka hivi: ncha ya mbele ya siti isipite zaidi ya sentimita 5 mbele ya mstari wa wima unaopita katikati ya ekseli ya pedali, wala isiwe zaidi ya 15 nyuma yake. Ekseli hiyo iwe angalau sentimita 24 kutoka ardhini. Kutoka ekseli hiyo hadi ekseli ya gurudumu la mbele, kwa mlalo, pawe kati ya sentimita 54 na 65, huku mtu mrefu sana au mfupi sana akifikiriwa. Fungua toleo la mwaka wa mbio zako uhakiki tarakimu hizi, kwa sababu vitabu hivi hupitiwa kila msimu.

Kupima si kazi ngumu. Jaza tairi upepo wa siku ya mbio, simamisha baiskeli kwenye sakafu iliyonyooka, usukani ukielekea mbele. Chukua timazi ya mwashi, au nati nzito kwenye uzi, uining'inize kutoka ncha ya siti. Uzi ukitulia, pima kwa mlalo kutoka kwenye uzi hadi katikati ya ekseli ya pedali. Fanya upande wa kushoto, ambako gia hazikuzuii. Refa hupima baiskeli ikiwa tupu, nawe pima hivyo hivyo.

Lakini boriti ina jambo lake ambalo fremu ya kawaida haina. Ukiikalia inazama. Imeshikwa mbele tu, kwa hiyo mwisho wa nyuma ndio unaoshuka zaidi, na siti inainuka pua. Mtu aliyeweka siti yake sawa kabisa baiskeli ikiwa tupu anajikuta njiani ameketi chini kuliko alivyokusudia, pua ikimchoma, na baada ya kilomita 30 anaamini kuwa Softride haimfai kumbe haijafungwa vizuri. Mfanye mwenzako apime kimo cha siti kutoka kwenye ekseli ya pedali wewe ukiwa hujakaa, kisha upande ukiwa umevaa viatu vya mbio na kushika aerobaa, mtu akikushikilia, apime tena. Ikiwa imezama sentimita 2, pandisha siti sentimita 2. Kisha inamisha pua ya siti kidogo mpaka iwe sawa ukiwa umekaa, wala usijali ikionekana imeinama baiskeli ikiwa tupu. Hakikisha tu kwamba baada ya marekebisho hayo timazi bado inakupa namba iliyo ndani ya kanuni, maana kuisogeza siti huku ukiigeuza pembe kunahamisha na ncha yake.

Boriti hizi zilitolewa kwa viwango tofauti vya ugumu kulingana na uzito wa mpandaji. Ikiwa aliyekuuzia ana kilo 60 na wewe una 85, huenda ukawa unarukaruka kila unapokanyaga pedali. Kukanyaga kwa mzunguko laini na gia nyepesi kunapunguza, hakumalizi.

Na hapo ndipo penye hofu yetu kubwa kuliko ya refa. Boriti ni matabaka yaliyogandishwa kwa gundi, na gundi ya zaidi ya miaka 20 inaweza kuachia. Kampuni haitengenezi tena fremu hizi, kwa hiyo hutapata boriti mpya kwa dhamana. Ifungue kutoka kwenye fremu, isafishe, uitazame kwenye mwanga wa jua kutoka pembeni. Mstari mwembamba unaokimbia kwa urefu kwenye ubavu wa boriti, rangi iliyovimba kama lengelenge, au nyufa kuzunguka matundu ya bolti ni dalili mbaya. Igonge taratibu kwa sarafu kutoka mbele hadi nyuma: sauti kavu inayofanana kote ni nzuri, sehemu inayotoa sauti iliyofifia ghafla inawezekana imeachana ndani. Ifunge tena, pima kimo cha siti kutoka sakafuni, ikalie kwa dakika 10, shuka, upime. Isiporudi pale ilipokuwa, au ikilia kama kijiti kinachovunjika ukiwa juu yake, isirudi barabarani. Boriti ikikatika mwendo ukiwa kilomita 40 kwa saa, hakuna kitu kingine chini yako cha kukushika, na usitafute wa kuipaka gundi. Nunua nyingine iliyokaguliwa, au uiweke ukutani.

Magurudumu pia yakague kabla ya kutoa pesa. Nyingi za triathloni za enzi hizo zilikuja na magurudumu ya 650C, na tairi zake zimekuwa adimu. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: 571 ndiyo 650C. 584 ni 650B ya baiskeli za changarawe na milima, 559 ni ile ya inchi 26, 622 ndiyo 700C ya kawaida. Hazibadilishani hata kidogo, na muuzaji wa mtandaoni atakuuzia 584 akiapa ni hiyo hiyo. Kwa upande wa kanuni 650C haina tatizo: ikiwa na tairi ya milimita 23 kipenyo ni karibu sentimita 61.7.

Usije ukafunga 650C kwenye fremu iliyoundwa kwa 700C eti kwa sababu umepata magurudumu kwa bei nafuu. Ekseli ya pedali itashuka kama sentimita 2.5. Iliyokuwa 26 sasa ni 23.5, na baiskeli iliyokuwa halali imekwisha kuwa haramu. Pedali zitagonga lami kwenye kona, na breki hazitafika kwenye rimu. Angalia pia shina la uma wa mbele. Fremu nyingi za wakati ule zina shina la inchi 1, si inchi 1 na 1/8 ya siku hizi, na ringi za beringi pamoja na kishikio cha usukani vya saizi hiyo vinahitaji kutafutwa.

Mambo yanayowarudisha watu wengi mlangoni, lakini, hayana uhusiano wowote na fremu. Ncha za usukani na za aerobaa lazima zizibwe kwa vizibo vigumu. Tundu lililo wazi hukata nyama kama kikatio cha biskuti ukiliangukia. Kila gurudumu liwe na breki yake inayokamata. Gurudumu la nyuma linaweza kuwa la sahani nzima, la mbele liwe na spoku au mapengo, na kule Kona, Hawaii, kwa miaka mingi Ironman ilikataza hata sahani ya nyuma kwa ajili ya upepo. Kasha lolote au chupa iliyowekwa ili kukata upepo badala ya kubeba kitu inaweza kuhesabiwa kuwa ngao. Helmeti iwe na alama ya ubora inayotambuliwa nchini mwa mbio, na ifungwe kabla hujaigusa baiskeli.

Namba ya baiskeli nayo ina shida ndogo. Kwa kawaida hubandikwa kwenye nguzo ya siti, na wewe huna nguzo. Usiifunge kwenye nyaya za breki wala kuining'iniza chini ya boriti, maana boriti ikizama itaisaga kwenye tairi. Ibandike ubavuni mwa bomba kuu, isomeke kutoka kushoto, kisha mwonyeshe mtu wa ukaguzi mahali ilipo. Taa ya nyuma, kama mbio zinaidai, ifungwe kwenye reli za siti, ukiangalia pia nafasi iliyobaki hadi kwenye tairi ukiwa umeketi.

Kabla ya kulipa ada, mwandikie mwandaaji wa mbio au refa mkuu, angalau wiki mbili mapema. Usiulize kwa ujumla "baiskeli ya triathloni inaruhusiwa?" maana jibu litakuwa ndiyo na halitakusaidia asubuhi ya mbio. Taja jina la fremu na mwaka wake. Sema wazi haina bomba la siti wala fito za juu za nyuma. Ambatanisha picha moja ya ubavu, upande wa gia, magurudumu yote yakionekana, na picha ya timazi ikiwa imening'inia na tepu kando yake. Ongeza urefu wa baiskeli, upana wa usukani na kimo cha ekseli ya pedali. Omba jibu kwa maandishi lenye namba ya kifungu, lichapishe, ulibebe pamoja na kitambulisho. Kwa triathloni mwulize pia mstari mmoja zaidi: kufuatana kwa kundi kunaruhusiwa au hakuruhusiwi kwenye kundi langu la umri?